Zima, Washa: Siku Sangara Alipotajwa kwa Jina Lake

Ninyi mnaobaki na funguo za maabara ya kompyuta mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Sitaandika nilipandishwa daraja lini, kwa sababu jibu lake ni fupi na linaudhi. Nitaandika yatakayowafaa: namna ya kuvua viatu, namna ya kuzima, namna ya kuwasha, na jinsi samaki wawili walivyopigana ndani ya ukumbi wa chuo chetu mbele ya mgeni rasmi aliyekuwa na haraka ya kwenda Busisi.

Kazi nilijifunza kabla sijaajiriwa, dukani kwa Mzee Harshad, fundi wa taipureta hapa Mwanza mjini. Babu yake alifungua duka lile, baba yake akalirithi, naye akalirithi pamoja na Kisukuma safi cha kumzuia mteja yeyote asimsengenye mbele yake. Mimi nilikuwa msichana wa Buswelu niliyemaliza shule bila kujua dunia inanitakia nini. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa taipureta moja na kitambaa.

"Binti, safisha. Ukimaliza, safisha tena. Fundi anayekimbilia bisibisi ni kama daktari anayekimbilia kisu."

Mchana wateja walipopungua alitandaza ubao wa sataranji juu ya meza ya kazi, katikati ya skrubu na utepe wa wino, akanifundisha kucheza. Ninyi mnaiita chesi. Sisi tuliipa jina lake zima. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikawa naiota: ukishika, umecheza. Ukigusa farasi utamwondoa farasi, hata kama machozi yanakutoka. Alisema ufundi wote umo humo. Usitie mkono mpaka ujue unataka nini.

Taipureta zilipokufa, Mzee Harshad akazizika kwa heshima stoo, nami chuo kikaniajiri kutunza maabara yake mpya. Mlangoni nilikuta tangazo: vua viatu. Wote tulivua, walimu, wanafunzi, hata mkaguzi kutoka wilayani. Vumbi, tuliambiwa, ni adui. Tuliingia tukinyata, soksi zimetoboka, sauti chini, na kompyuta zikatupokea kama wakubwa wengi wanavyopokea wageni: kwa kutojibu.

Mzee Harshad alikuja kunitembelea wiki ile. Alizitazama zile mashine kama mtu anayetazama wajukuu wa adui yake, kisha akanipa elimu yote ya kompyuta niliyowahi kupewa na mtu yeyote. "Ikikataa, zima. Vuta pumzi. Washa. Ikikataa tena, ndipo uanze kufikiri." Nawaapia, wanangu, nimestaafu bila kufikiri mara nyingi.

Kesi ngumu zilikuwepo, sikatai. Kuna msimu wadudu wa ziwani wanapanda kutoka majini kama moshi, anga lote linakuwa jeusi upande wa maji, halafu upepo unageuka. Mwaka mmoja uligeuka kwetu, na mtu alikuwa ameacha madirisha wazi. Feni zilivuta wale wadudu mpaka mashine zikawa zinakoroma. Niliwatoa kwa brashi ya kupakia rangi, mashine baada ya mashine, na chumba kikanuka ziwa mpaka mvua. Kulikuwa pia na mkuu wa idara aliyelalamika kwamba kompyuta yake inanuka dagaa. Ilikuwa inanuka dagaa. Alikuwa akiweka mfuko wa dagaa wake nyuma ya mashine, pale inapotokea hewa ya moto, wasishike unyevu. Alipoambiwa, aliuliza kama hakuna kompyuta isiyochagua cha kukaa nacho.

Meza ya sataranji niliihamishia chuoni. Iliwekwa pembeni ya ukumbi, wanafunzi wakacheza, na kwa kuwa mimi peke yangu nilizijua sheria, nikawa mwamuzi. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo sikuwahi kuifanyia usaili, na ndiyo iliyoniletea taabu.

Katika miaka yangu ya mwisho alikuja Kokushubila, tuliyemwita Koku. Alitoka Bukoba, mtoto wa wakulima wa migomba na kahawa, Mlutheri wa kwaya, mwalimu wa muda wa somo la programu. Kompyuta ikimkosea aliisema kwa Kihaya, polepole, kama mama anayemkanya mtoto mbele ya wageni. Kila jioni baada ya vipindi alibaki maabara akiandika programu yake mwenyewe ya kucheza sataranji. Aliianza mvua za masika, na mvua za vuli zilimkuta bado anaandika. Aliiita Furu.

"Kwa nini Furu?" nilimuuliza. "Samaki wote wa ziwa hili, umechagua yule wa mifupa?"

"Mama, sangara aliletwa akamla furu karibu ammalize. Lakini nenda mwaloni asubuhi, mitumbwi inaposhusha samaki, uangalie vizuri ndani ya nyavu. Bado yupo."

Habari zilimfikia Bwana Erasto, mwalimu mwenzake wa muda, kijana wa suti na manukato, ambaye maneno yake yalipigwa pasi kuliko shati lake. Siku chache baadaye naye alikuwa na programu ya sataranji. Aliiita Sangara.

"Umeiandika lini?" nilimuuliza.

"Akili ya kizawa, Mama yangu. Imenijia tu."

"Imekujia kutoka wapi?"

Akaonyesha kidole dari. "Kutoka juu."

Nilidhani anamaanisha mbinguni.

Sasa, chuo kilipata nafasi moja ya mwalimu wa kudumu. Moja. Koku mkataba wake ulikuwa unaisha, na asingeipata angerudi Bukoba kuuza vocha kwenye kibanda cha kaka yake. Alishaambiwa kibanda kinamsubiri. Erasto naye alikuwa amemwoa mpwa wa mtu fulani wa bodi. Mkuu wa chuo, mtu mwema asiyewahi kumnyima mtu kitu mpaka mtu huyo atoke ofisini, alikaa na tatizo hilo mpaka likamzalia wazo. Programu zao zipambane hadharani. Itakayoshinda, mwenyewe achukue nafasi.

"Mashine haina mjomba," alituambia kikaoni, akaketi akiwa amefurahi kama aliyevumbua chumvi.

Asubuhi ya pambano Koku alinikuta nikifuta vumbi kwenye ubao.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Chakula hakipiti. Mama, nikishindwa?"

"Utashindwaje nawe huchezi? Anacheza Furu."

"Ndiyo maana naogopa. Ningekuwa nacheza mwenyewe, ningejua wa kumlaumu."

Pambano lilipangwa liwe la michezo kadhaa. Mgeni rasmi akatuma ujumbe kwamba ana shughuli nyingine Busisi, likawa la mchezo mmoja. Mkuu aliagiza pia kwamba mashine zisicheze zenyewe kwa zenyewe gizani, maana wageni hawatakuwa na cha kutazama. Wekeni ubao, alisema, na kete za mti. Hivyo kila programu ikapewa mkono, yaani mtu wa kusoma kwenye laptopu mashine imeamua nini, asogeze kete ubaoni, kisha aiandikie mashine jibu la mpinzani. Wenye programu walikatazwa kukaribia meza.

Mkono wa Sangara alikuwa Neema, karani wa mapokezi, mtu wa kutumwa akafika. Mkono wa Furu alikuwa Mzee Maduhu, dereva wa chuo, mtu wa Magu, mfalme wa drafti wa kijiwe cha getini. Drafti mnaijua, ile ya vizibo vya soda. Mnajua pia sheria yake: kipande kikikaa pa kuliwa, unakila. Hakuna kuwaza. Ukiacha, mwenzako anakitoa chako nje na anakucheka mpaka kwako. Kula ni lazima. Mzee Maduhu alikuwa ameishi na sheria hiyo tangu akiwa kijana, nami nilimketisha kabla ya mchezo.

"Mzee, unafanya mashine inachosema. Hicho tu."

"Fundi, mimi ni dereva. Nimewabeba wakubwa wangapi? Najua sana kwenda nisikotaka."

Nikatosheka na jibu hilo. Lilikuwa zuri mno.

Ukumbi ulijaa. Mkuu aliamua kwamba penye kompyuta sheria ya maabara inafuata, kwa hiyo viatu vilipangwa mlangoni kama msikitini, na mgeni rasmi akaingia akiwa na soksi ya bluu mguu mmoja na ya kahawia mguu wa pili. Mshereheshaji alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa. Projekta mbili ziliangaza ukutani kilichokuwa kwenye laptopu zile, Furu kushoto, Sangara kulia. Mzee Harshad, mkongojo katikati ya magoti, alikaa safu ya mwisho. Alisema hajapata kuona mtu akilipa umeme ili asicheze.

Mchezo ulianza vizuri. Furu alicheza kama Koku anavyotembea, kwa kupima. Sangara alicheza haraka na kwa kiburi, na nakiri alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia Erasto akizungumza. Ilipofika katikati, Sangara akafanya jambo lililowainua watu vitini. Alimweka malkia wake, kete yake kubwa kuliko zote, mbele ya ngome, kete nyingine ya Furu, bila mlinzi. Furu amjie tu amchukue.

"Mle!" mtu alipiga kelele. "Mle huyo!"

Furu alifikiri. Ulikuwa mtego, na hata mimi niliona nusu yake: atakayemla malkia yule, mfalme wake hatafika mbali. Ukutani yakatokea maamuzi ya Furu: asogee mfalme. Aachwe malkia. Koku, aliyekuwa amesimama ukutani, alishusha pumzi aliyoishika tangu asubuhi.

Mkono wa Mzee Maduhu ulienda kwa mfalme. Ukasimama juu yake. Halafu ukarudi, ukashika ngome, ukamla malkia kwa kishindo cha kijiweni, pa! mpaka kete jirani zikaruka.

"Mzee Maduhu!"

"Fundi, amejileta mwenyewe!"

"Mashine imesema mfalme!"

"Imesema, nimeiona." Alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Lakini kula ni lazima."

Ukumbi ulilipuka. Erasto alikuwa ameshafika katikati, mikono hewani. "Mwamuzi! Ukishika, umecheza! Si ndiyo sheria yenu miaka yote? Malkia ameliwa, tuendelee!"

"Sheria inamfunga mchezaji," nilisema. "Mchezaji ni Furu. Mzee Maduhu ni mkono."

"Na mkono ndio umeshika!"

Mkuu alinyanyuka. Penye ugomvi yeye alikuwa na dawa moja. "Jamani, tusivutane. Tupige kura."

Mzee Maduhu, ambaye ulimi wake wa Magu haukuwahi kutofautisha kura na kula, aliinua mikono yote miwili. "Mkuu, mimi kula nimeshakula, ndiyo tumefika hapa!"

Hata mgeni rasmi alicheka, kisha akatazama saa yake. "Mkuu, hizi mashine zenu zikigombana huwa mnafanyaje?"

Mkuu alikuwa amepita maabara yangu mara nyingi vya kutosha kujua jibu. "Tunazima na kuwasha, Mheshimiwa. Fundi! Zima zote mbili, washa, rudisha kete pale zilipokuwa kabla mzee hajala."

"Yangu haina haja ya kuzimwa," Erasto alisema haraka. "Yangu haijakosea."

"Haki sawa, kijana."

"Basi niiwashe mwenyewe. Na projekta ipumzishwe kidogo."

"Kwa nini ipumzishwe?"

"Kwa... kwa usalama wa programu."

Kutoka safu ya mwisho ikaja sauti ya Mzee Harshad, nyembamba na kavu kama utepe wa taipureta. "Kijana! Mikono mfukoni. Ukishika, umecheza."

Nikazima zote mbili. Nikavuta pumzi, kama nilivyofundishwa. Nikawasha.

Kushoto ukutani, programu ya Koku iliamka na kuandika: Furu, kazi ya Kokushubila, nipo. Kulia, Sangara naye aliamka, na kama mtu yeyote anayeamshwa ghafla, akataja jina lake la nyumbani. Halikuwa Sangara. Lilikuwa jina refu la kigeni, na chini yake majina ya walioliandika, watu wa nchi za mbali wasiojua kama tuna ziwa. Jina la Sangara Erasto alikuwa amelipaka juu tu, kama mtu anayepaka rangi mtumbwi wa wizi. Kila mara aliiwasha faraghani kwanza, ndipo akaionyesha kwa watu. Kutoka juu, alisema. Mtandaoni ni juu pia, ukiwa umelala chali.

Mgeni rasmi alikuwa ameacha miwani garini. "Pale pameandikwa nini? Wewe mzee uliye karibu, tusomee."

Mzee Maduhu alisoma, herufi kwa herufi, akilichambua lile jina kama mifupa ya furu. "Halafu chini kuna watu, Mheshimiwa. Watatu. Erasto simwoni."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Labda yuko ndani zaidi."

"Hiyo ni maktaba tu ya programu za watu wote!" Erasto alisema. "Kila mtu duniani anatumia maktaba. Mimi nimeiboresha!"

Koku aliuliza kwa upole, kama anayetaka kujua kweli. "Umeiboresha wapi, kaka?"

"Jina!" sauti ilijibu kutoka nyuma, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

Hapo Mkuu alikuwa tayari kumpa Koku ushindi wa mezani ili Mheshimiwa awahi barabara. Koku akakataa. Nilitamani kumfinya.

"Tumalizie mchezo, Mkuu. Furu amekuja kucheza. Hajaja kuhurumiwa."

Tukamalizia. Kete zikarudishwa, mfalme wa Furu akasogea kama alivyotaka, malkia hakuliwa. Mzee Maduhu alikalia mkono wake wa kushoto, na wa kulia ukafuata maagizo ya ukutani kama mtoto aliyechapwa. Sitawadanganya. Furu alikuwa kazi ya kichwa kimoja na jioni zilizoibwa. Yule mwingine alikuwa kazi ya vichwa vingi vilivyoshiba. Furu alisukumwa polepole. Alipoteza ngome, akapoteza farasi, akabaki na mfalme na askari mmoja aliyekuwa akitembea kuelekea mwisho wa ubao, na ukumbi mzima, watu ambao asubuhi hawakujua askari anatembeaje, ulikuwa ukimhesabia hatua kwa midomo. Hakufika. Mfalme wa Furu akakosa pa kwenda. Koku alifunika mdomo kwa kiganja na kutazama dari.

Mshereheshaji alikuwa na karatasi iliyoandikwa tangu jana, na yeye ni mtu wa karatasi. "Mabibi na mabwana, mshindi ni Sangara! Bwana Erasto, tafadhali sogea..."

Na Erasto akasogea. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Alifunga kifungo cha koti, akasogea.

Niliinua mkono. "Matokeo hutangazwa na mwamuzi."

Mkuu aliniinamia. "Kabula, unafanya nini?"

"Natangaza matokeo, Mkuu." Nikageukia ukuta, nikalisoma lile jina refu la kigeni kwa sauti, vibaya kama Mzee Maduhu, lakini lote. "Huyo ndiye mshindi. Amecheza vizuri sana. Tunampongeza huko aliko."

"Huyo si mtu wetu!" Mkuu alinong'ona. "Hajaomba kazi hapa!"

"Ndiyo, Mkuu. Hajaomba. Aliyeomba, akaja na mchezaji wake, ni mmoja tu."

Mkuu alinitazama, akamtazama Koku, akamtazama mtu fulani wa bodi, ambaye ghafla alikuwa akitafuta viatu vyake. Mgeni rasmi aliinama kuuliza limeishaje, na Mkuu, ambaye hakuwahi kusema neno baya mbele ya mkubwa, akajibu, "Tuseme ni sare, Mheshimiwa."

"Sare?" Mheshimiwa alisimama. "Ombi lenu nimelisikia. Sare zitapatikana! Kwa mashine zote mbili!"

Makofi yalikuwa makubwa. Mkuu hakumsahihisha, na mimi kazi yangu ya uamuzi ilikuwa imekwisha.

Zilikuja kweli. Fulana mbili za kijani, moja imeandikwa Furu, nyingine Sangara, saizi ya mtu mnene. Ile ya Sangara ndiyo mnayofutia vumbi hadi leo. Msiitupe, pamba yake nzuri. Erasto hakukaa muda mrefu. Nasikia yuko kwenye ofisi kubwa zaidi, anazunguka kutoa mada kuhusu ubunifu wa kizawa, na wanamwalika tena. Koku aliipata nafasi. Ndiye anayewasainia maombi yenu ya wino, kwa hiyo msimcheleweshe. Kibanda cha Bukoba kilipata muuzaji mwingine.

Siku yangu ya mwisho kazini nilivua viatu mlangoni kama siku ya kwanza, nikafuta mashine zote, nikazifuta tena. Koku aliniomba nicheze na Furu, mchezo mmoja, wa kuagana. Amemlisha vizuri tangu siku ile; hachezi tena kwa woga. Mzee Maduhu alikuja kutazama, akasimama nyuma yangu akipumua kama gari la chuo kwenye mlima. Tulipofika katikati, Furu akamleta malkia wake, akamweka mbele ya ngome yangu. Bila mlinzi.

Niliutazama ubao. Niliona nusu ya mtego.

"Fundi," Mzee Maduhu alinong'ona, na sauti yake ilikuwa na maumivu. "Fundi, amejileta."

"Nimemwona, mzee."

"Na kula?"

Koku aliuma mdomo asicheke.

Nikashika ngome. Nikala. Nikafungwa na samaki wa mifupa mbele ya mashahidi wawili, nikazima mashine, nikavuta pumzi, nikavaa viatu vyangu.